Kuchagua matairi ya AT kwa gari la lami na rafu rodi

Kila msimu wa mvua unapokaribia maswali ni yale yale. Niweke AT (tairi la njia zote) au MT (la matope)? Nikiongeza ukubwa kidogo yataingia? Muuzaji ananiambia haya ni plai kumi (kipimo cha uimara wa tairi), kwa hiyo ndiyo mazuri? Upepo niweke ngapi? Mwongozo huu ni wa mtu mwenye gari moja linalofanya kazi zote. Jumatatu hadi Ijumaa liko lami, kazini na shuleni. Mwisho wa mwezi linakwenda shambani, kijijini au mbugani. Nimetumia zaidi mifano ya Prado, Hilux, RAV4 na Forester kwa sababu ndiyo magari yanayoulizwa sana, lakini hesabu ni ile ile kwa gari lolote.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: tairi huchaguliwa kwa njia unazopita na mzigo unaobeba. Sura ya kashata (vipande vya mpira vinavyokanyaga chini) inakuja baadaye. Wengi huanza na sura, wakalipa pesa nyingi, kisha wakaishi miaka minne na gari linalovuma, linalokula mafuta na lenye breki ndefu kwenye lami yenye maji, yote hayo kwa ajili ya tope wanalokutana nalo mara mbili kwa mwaka.

Vifupisho vitatu utakavyovisikia dukani: HT ni tairi la barabarani, kashata zake zimebanana. MT ni la matope, kashata kubwa zenye nafasi pana katikati. AT liko kati ya hayo mawili, na kwa kuwa liko katikati halitashinda HT kwenye lami wala MT kwenye tope. Ukilikubali hilo, hutajuta.

Uwe na hivi kabla ya kwenda dukani

- Picha ya kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kinaonyesha ukubwa wa tairi na upepo wa gari lako. Kwa magari yaliyotoka Japani kibandiko huwa cha Kijapani na upepo umeandikwa kwa kPa. Gawanya kwa 6.9 upate psi, kipimo kingine cha upepo. Kwa mfano 200 kPa ni psi 29, na 230 ni psi 33.
- Picha ya ubavu wa matairi yaliyopo sasa, maana mwenye gari wa kwanza huenda alishabadilisha.
- Geji ya upepo ya kwako mwenyewe. Geji za vituoni hupigwa chini kutwa nzima na nyingi hazisemi kweli.
- Tochi ya simu, kwa kusoma maandishi ya ubavu wa ndani.
- Bajeti ya matairi matano. Spea ni sehemu ya seti.

Hatua ya 1: Andika njia zako za mwezi mmoja

Kaa na karatasi. Andika kilomita za lami, za changarawe, za mawe, za mchanga na za tope. Usiandike safari unayoota kuifanya, andika unazozifanya.

Kama kilomita tisa kati ya kumi ni lami na zilizobaki ni changarawe iliyochongwa vizuri, nunua HT nzuri au AT laini, na usione aibu. Kama robo hadi nusu ya safari zako ni vumbi, mawe na makorongo, AT ndiyo yako. MT mwachie mtu ambaye tope ni kazi yake ya kila siku.

Kisha angalia ni ardhi ya aina gani. Hapa ndipo ushauri wa jumla huwapotosha watu, kwa sababu rafu rodi si moja.

Ukienda Ziwa Natron kwa njia ya Mto wa Mbu hadi Engaresero, au Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana, adui yako ni jiwe la volkano lenye ncha. Jiwe hilo mara nyingi haliingii kwenye kashata, linachana ubavu. Tafuta tairi lenye ubavu mgumu, na ulinganishe matairi kwa hilo kabla ya jambo lingine lolote.

Ukienda milima ya Usambara, tuseme Lushoto hadi Mtae wakati wa mvua, ni udongo mwekundu unaoteleza juu ya ardhi ngumu. Hapo AT yenye vikato vidogo vingi kwenye kashata hushika vizuri.

Udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa bonde la Wembere au nyanda za Athi na Kapiti kule Kenya, ni habari nyingine kabisa. Ukilowa, unajaza nafasi zote za kashata ndani ya mizunguko michache, na tairi la AT linabaki duara laini la matope. Ukiwa ndani ya gari unausikia: usukani unakuwa mwepesi ghafla, na matonge yanapiga madigadi kwa nguvu. Hakuna AT ya kukuvusha hapo kwa uhakika, hata ya bei gani. Subiri jua lipige saa kadhaa, au zunguka.

Mchanga wa pwani au wa jangwa la Chalbi hauhitaji kashata kubwa. Unahitaji upepo mdogo, na hilo nitalieleza kwenye hatua ya 8.

Hatua ya 2: Soma namba za ubavuni

Chukua 265/65R17 112S, ukubwa unaokutana nao kwenye Hilux na Prado nyingi. 265 ni upana kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu kikiwa asilimia ya upana huo, hapa ni kama milimita 172. 17 ni ukubwa wa rimu kwa inchi. 112 ni mzigo, na S ni mwendo wa juu wa kilomita 180 kwa saa.

Namba ya mzigo si kilo zenyewe. Hizi ndizo utakazokutana nazo zaidi, kwa tairi moja:

- 102: kilo 850
- 110: kilo 1,060
- 112: kilo 1,120
- 115: kilo 1,215
- 121: kilo 1,450

Usishuke chini ya namba iliyokuja na gari lako. Kupanda juu yake ni ruhusa.

Hatua ya 3: Baki na ukubwa wako, au ukikosa subira usivuke asilimia 3

Fanya hesabu mwenyewe, usimwachie muuzaji. Kimo cha tairi lote ni ubavu mara mbili ukijumlisha rimu (inchi moja ni milimita 25.4). 265/65R17 inatoka milimita 776. Ukienda 265/70R17 inatoka 803. Tofauti ni milimita 27, zaidi kidogo ya asilimia 3.

Umepata nini? Gari limeinuka nusu tu ya tofauti hiyo, yaani milimita 13. Umelipa nini? Dashibodi ikisoma 100 wewe unakwenda 103 na ushee, gari linakuwa zito kuondoka, breki zina kazi zaidi, na huenda tairi likakwaruza madigadi ukikata kona yote. Kwa anayeanza, sioni faida inayotosha.

Kuna badiliko moja ninalolipendekeza kwa moyo wote. Prado 150 nyingine zilitoka kiwandani na rimu 18, matairi 265/60R18. Kimo chake ni milimita 775, karibu sawa kabisa na 265/65R17 za ndugu zake. Ukihamia rimu 17 unabaki na kimo kile kile, spidomita haidanganyi, lakini ubavu unaongezeka kutoka milimita 159 hadi 172. Mpira huo wa ziada ndio unaomeza jiwe na shimo kabla halijafika kwenye rimu. Rimu kubwa yenye tairi la ubavu mfupi hupendeza mjini na kupindika kijijini. Hakikisha tu rimu unayoinunua inapita juu ya kalipa (vishikio vya breki) za gari lako. Ijaribu kabla ya kulipa.

Hatua ya 4: Amua kama unahitaji LT

Tairi la AT lenye ukubwa ule ule linaweza kupatikana la kawaida au la LT, yaani lililojengwa kwa magari ya mzigo. Mfano LT265/70R17 121/118S. Namba mbili za mzigo ni za tairi moja na za tairi pacha (mawili yaliyofungwa pamoja upande mmoja). Wewe soma ya kwanza. Ukikuta herufi ya daraja la uimara, C ni plai 6, D ni plai 8, E ni plai 10. Siku hizi si hesabu halisi ya tabaka, ni kipimo cha nguvu.

LT ina ubavu mgumu na haikatiki kirahisi. Lakini ni nzito, inarusha gari likiwa tupu, na inahitaji upepo zaidi kubeba mzigo ule ule. Ukiiweka psi za kibandiko cha mlango bila kufikiri, inaweza kupata joto na kuharibika ikiwa na mzigo mzito. Muulize muuzaji akuonyeshe jedwali la mzigo na upepo la mtengenezaji.

Pikapu inayobeba mahindi, gari lenye hema juu na madumu ya mafuta, au anayekwenda kwenye mawe makali mara kwa mara: chukua LT. RAV4, Forester na Jimny za familia: acha. Plai kumi kwenye gari jepesi ni kumtesa abiria na shokapu bila sababu.

Hatua ya 5: Likague tairi lenyewe kwa mkono

Usichague kwa picha. Liombe tairi lishushwe, uliguse.

Pitisha kidole katikati ya kashata. AT nzuri ikiwa mpya huwa na kina cha takriban milimita 10 au zaidi. Ikiwa na 8 huenda ni HT iliyovalishwa sura. Tazama vikato vidogo juu ya kashata: hivyo ndivyo vinavyoshika lami yenye maji, na vikiwa haba tarajia utelezi mjini. Tazama sakafu ya nafasi za katikati, matairi mengi mazuri yana vinundu vidogo vya kusukuma mawe yasikwame na kutoboa. Kisha tazama bega, pale kashata inapokutana na ubavu. Kashata zinazoshuka kidogo ubavuni husaidia ukitoka kwenye korongo na hulinda dhidi ya jiwe.

Maandishi ya M+S yasikubabaishe. Mtengenezaji huyaweka mwenyewe kutokana na umbo la kashata, hayathibitishi kwamba tairi lilipimwa kwenye tope.

Hatua ya 6: Soma tarehe

Tafuta neno DOT ubavuni. Namba nne za mwisho ni wiki na mwaka: 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Tarehe huwa upande mmoja tu, kwa hiyo ukikosa geuza tairi. Soma matairi yote matano, maana seti moja inaweza kuchanganywa. Binafsi silipi bei ya jipya kwa tairi lililokaa zaidi ya miaka mitatu. Likishafika sita likaguliwe kila mwaka, na likifika kumi liondoke hata kama kashata bado ni ndefu, kwa sababu mpira huzeeka hata ukiwa stoo.

Onyo kwa wanaoagiza magari Japani: angalia kama ubavuni pameandikwa STUDLESS. Hayo ni matairi ya theluji. Kashata zake zinaonekana nene na zina vikato vingi mno, hivyo watu huyadhania AT. Mpira wake ni laini, umetengenezwa kwa baridi. Kwenye lami ya joto la Dar es Salaam au Mombasa linayumba kwenye kona, breki zinarefuka, na linaisha haraka. Usiyatunze kwa ajili ya rafu rodi, yabadilishe.

Matairi ya mtumba ya AT siyashauri kabisa. Huoni kilichotokea ndani ya ubavu.

Hatua ya 7: Nunua seti, na ufunge vizuri

Linganisha bei kwa kilomita. Tuseme tairi la shilingi 450,000 linadumu kilomita 60,000, ni shilingi 7.50 kwa kilomita. La 280,000 likiisha kwa 30,000 ni zaidi ya shilingi 9. La bei ndogo limekuwa ghali.

Matairi yote manne yawe aina moja, ukubwa mmoja, na kina kinachokaribiana. Kwa gari la 4WD ya muda wote kama Prado, na hasa Subaru, hili si pendekezo tu, ni lazima. Tairi moja jipya na matatu yaliyoisha huzunguka kwa kasi tofauti, difu ya kati (inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma) inafanya kazi bila kupumzika na mwishowe inakufa. Subaru yenyewe hutaka tofauti ya mzingo isizidi robo inchi, kama milimita 6. Ndiyo maana spea nayo iwe ya aina ile ile na izungushwe pamoja na mengine.

Kwa fundi simama pale pale. Valvu ziwe mpya. Balansi ifanyike kwa kila tairi, alaimenti ifuate. Nati zianze kwa mkono na zimaliziwe kwa spana, si kukazwa hadi mwisho kwa mashine ya upepo, la sivyo siku ya pancha porini hutazifungua. Kaza tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Kabla ya kuondoka kata usukani wote kulia, kisha kushoto, mbele na nyuma, usikilize kama kuna mkwaruzo.

Kilomita mia tatu za kwanza nenda taratibu. Tairi jipya lina utelezi wa kiwandani juu yake.

Hatua ya 8: Upepo

Pima asubuhi, gari likiwa halijatembea. Hizi ni namba za kuanzia kwa matairi ya kawaida ya ukubwa wa 265/65R17, mzigo mwepesi. LT na mzigo mkubwa vinahitaji zaidi.

- Lami: kama kibandiko kinavyosema.
- Changarawe: punguza psi 3 hadi 4.
- Barabara ya mawimbi madogo inayotetemesha gari zima: 24 hadi 26, mwendo wa kiasi.
- Mawe makali: 24 hadi 26, mwendo wa kutembea. Ukijaza sana jiwe linatoboa kashata, ukipunguza sana ubavu unatuna nje na kuchanwa.
- Mchanga: 16 hadi 18, usizidi kilomita 30 kwa saa, usikate kona ghafla. Chini ya 15 tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu.

Ukirudi lami, jaza kabla ya kuongeza mwendo. Kosa linaloua matairi mengi ni hili: mtu anapunguza upepo kwa mchanga, anatoka salama, kisha anakimbia kilomita 100 kwa saa kwenye lami akiwa na psi 18. Ubavu unapinda kila mzunguko, unapata joto, unapasuka. Kama huna pampu ya kuchomeka kwenye gari, usipunguze upepo mbali na kituo.

Na usitoe upepo tairi likiwa la moto kwa sababu geji imepanda. Kupanda psi 4 baada ya safari ni kawaida. Likipanda zaidi sana, ujue ulianza na upepo mdogo kwa mzigo ule.

Zungusha matairi yote matano kila kilomita 8,000 hadi 10,000.

Ukipata matatizo

*Mvumo ulioongezeka baada ya miezi.* Pitisha kiganja juu ya kashata mbele kisha nyuma. Ukihisi makali upande mmoja kama meno ya msumeno, umechelewa kuzungusha au alaimenti imetoka.

*Yanaisha katikati.* Upepo umezidi. *Pembeni zote mbili:* umepungua. *Upande mmoja tu:* alaimenti, au boshi zimechoka.

*Mabonde mabonde kuzunguka tairi.* Angalia shokapu kabla ya kulaumu tairi.

*Gari linayumba kwenye lami tangu siku ya kwanza.* AT hutikisika zaidi kidogo kuliko HT, utazoea. Likiendelea baada ya kilomita mia kadhaa, pima upepo, kisha alaimenti.

*Usukani unatetemeka ulipotoka shamba.* Tazama tope lililoganda ndani ya rimu. Osha kabla ya kulipia balansi.

*Kashata zinabanduka vipande vidogo.* Ni changarawe kwa mwendo mkali. Punguza mwendo na upepo kidogo. Ukiona nyuzi, tairi limekwisha.

*Haishiki tena kwenye tope ingawa bado halijawa kipara.* Alama za ukomo kwenye kashata ziko milimita 1.6, na hizo ni za barabarani. Kwa rafu rodi, ikibaki milimita 4 AT imeshakuwa HT.

*Pancha.* Tundu la kwenye kashata lisilozidi milimita 6 linazibika, na lizibwe kwa kiraka cha ndani, si kamba ya nje peke yake. Kamba ni ya kukufikisha kwa fundi. Ubavu uliochanika au uliovimba hauzibiki, hata fundi akikuhakikishia. Tyubu ndani ya tairi lisilo la tyubu ni ya dharura tu, mwendo usizidi 50, hadi utakapopata tairi jingine.